Lord Sydney alikuwa nani?

Jina "Sydney" tunalijaza kwenye kila fomu, basi tumjue mwenyewe. Thomas Townshend, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, alipewa umwinyi mwaka 1783 akawa Baroni Sydney, kisha vaikaunti mwaka 1789. Jina alilichagua kwa heshima ya jamaa yake, Algernon Sidney, aliyekatwa kichwa mwaka 1683 kwa kosa la kula njama dhidi ya Mfalme Charles II. Jina la mpinga mfalme likawa cheo anachotoa mfalme!

Januari 1788 Kapteni Arthur Phillip alishusha wafungwa kwenye ghuba ambayo Wakadigal waliiita Warrane, akaibandika jina la bosi wake. Townshend mwenyewe hakukanyaga hapa hata siku moja. Alifariki mwaka 1800, akarithi mwanawe, halafu mjukuu wake John Robert, aliyepandishwa kuwa eri mwaka 1874. Huyu hakuacha mtoto; alipofariki mwaka 1890 cheo kikafa naye.

Kule Nairobi, barabara ya Lord Delamere iligeuzwa Kenyatta Avenue baada ya uhuru, ingawa ubaroni wa Delamere haujafa. Hapa ni kinyume: mwinyi kaisha, jina limebaki, na neno Warrane mimi nimelisikia mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili.