SOMO LA USHIRIKA: TOVUTI YA CHAMA IPATIKANE NA WANAOITAFUTA

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi huishika bidhaa mkononi, huinusa na kuipima. Lakini mnunuzi wa siku hizi aghalabu huanza safari yake mbali na soko. Yuko Hamburg, au Dubai, au Dar es Salaam. Huchukua simu yake, huandika maneno machache katika Google, kisha katika majibu machache ya mwanzo huchagua atakayemwandikia barua. Kahawa ya chama hata iwe njema namna gani, ikiwa tovuti ya chama haimo katika majibu hayo, kwa mnunuzi yule ni kama haikuvunwa.

Vyama vyetu kadhaa vimetumia fedha za wanachama kutengeneza tovuti. Wakati wa ukaguzi hati ya malipo huonekana, risiti huonekana, na tovuti yenyewe huonekana mradi tu ujue jina lake kamili. Bali ukiandika jina la zao pamoja na jina la wilaya, kama afanyavyo mnunuzi, linalojitokeza ni jina la dalali aliyenunua mazao kwa wakulima wale wale. Hapo fedha za mkulima zimetumika, na faida yake imemwendea mtu mwingine.

Somo hili lina shabaha tatu: kueleza jinsi mtambo wa kutafuta unavyofanya kazi, kuonyesha kazi ambazo meneja na karani wa chama wanaweza kuzifanya wenyewe, na kuwatahadharisha wajumbe wa Bodi kabla hawajatia sahihi mkataba.

1. HATUA TATU ZA MTAMBO WA KUTAFUTA

Kampuni ya Google ilianzishwa mwaka 1998 huko California, Marekani, na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ipo mitambo mingine, mathalan Bing, lakini mwendo wake kwa jumla ni huo huo. Una hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuzuru. Programu iitwayo Googlebot hupita ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, kama karani wa sensa apitavyo nyumba hadi nyumba kwa kufuata njia. Nyumba isiyo na njia ni rahisi kusahauliwa.

Hatua ya pili ni kuorodhesha. Ukurasa uliozuriwa husomwa, na habari zake huingizwa katika faharasa kubwa mno, mfano wa leja ambayo kila neno lina mahali pake. Ieleweke kwamba si kila ukurasa unaozuriwa huingizwa katika leja hiyo.

Hatua ya tatu ni kupanga. Mtu anapouliza, mtambo hauanzi wakati ule kuzunguka dunia nzima. Hufungua leja yake, huchambua kurasa zinazolihusu swali, kisha huzipanga kwa kadiri unavyoona zitamfaa muulizaji. Tangu mwaka 2024 Google imeanza pia kuweka, juu ya majibu ya maswali kadhaa, muhtasari uliotungwa na mashine. Muhtasari huo nao hutegemea kurasa zilizokwisha kuorodheshwa. Kwa hiyo aliye nje ya leja yuko nje ya yote mawili.

Basi chama kinapoona hakipatikani, swali la kwanza lisiwe, "Tumlipe nani?" Swali liwe, "Tumekwama katika hatua ipi?" Njia ya kupima ni nyepesi. Katika Google andika neno site, weka nukta mbili, kisha jina la tovuti ya chama bila kuacha nafasi. Kurasa za chama zikijitokeza, mmeshaingia katika leja, na tatizo liko katika hatua ya tatu. Pasipojitokeza hata moja, huenda mmekwama katika hatua ya kwanza au ya pili.

Sababu moja ya kukwama hapo ni kufuli iliyosahauliwa. Fundi anapojenga tovuti huizuia isiorodheshwe kabla haijakamilika. Katika programu ya WordPress, inayotumiwa na tovuti nyingi, zuio hilo ni alama moja tu katika kisanduku. Kazi ikiisha na alama isiondolewe, mtambo hutii amri iliyoandikwa. Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, mjumbe wa Bodi amtake fundi aonyeshe kwamba kufuli imeondolewa.

2. MANENO YA MTAFUTAJI, SI MANENO YETU

Tuseme tovuti imeingia katika leja, lakini haijitokezi mtu aulizapo kahawa. Hapo tutazame maneno yetu wenyewe. Kurasa nyingi za vyama huanza kwa kichwa kisemacho "Nyumbani" au "Karibu". Zikafuata dira, dhima, na picha ya mwenyekiti akikata utepe. Hayo si mabaya, lakini hakuna mnunuzi anayetafuta dira. Mtambo hauwezi kumpa mtu jibu ambalo halikuandikwa.

Dawa yake ni kukaa na kalamu na kuorodhesha watu wanaoitafuta tovuti na maswali yao. Mwanachama huuliza: malipo ya awali ni kiasi gani, mazao yanapokewa siku zipi, mkutano mkuu utakuwa lini. Mnunuzi wa kahawa huuliza: ni arabika au robusta; ni gredi gani, AA, A, B au PB; mashamba yako katika mwinuko wa meta ngapi; kahawa ilikobolewa kwa njia gani; kiasi gani kipo, na kitasafirishwa kupitia bandari ipi. Kila jambo kubwa lipewe ukurasa wake, na ukurasa huo ujibu swali kikamilifu.

Kichwa cha ukurasa kina uzito wa pekee, maana ndicho kwa kawaida kinachosomwa katika orodha ya majibu. Badala ya "Nyumbani", iandikwe mathalan "Kahawa ya arabika kutoka Rombo, Kilimanjaro", likifuatiwa na jina la chama. Kisizidi herufi 60 hivi, kwa kuwa kirefu mno hukatwa. Chini ya kichwa hutungwa maelezo ya sentensi moja au mbili ya kumwalika msomaji. Kila ukurasa uwe na kichwa chake na maelezo yake, visirudiwe.

Jambo la lugha lisipuuzwe. Mnunuzi wa Ujerumani hataandika neno "kahawa". Ataandika kwa Kijerumani au kwa Kiingereza. Mwanachama naye ataandika kwa Kiswahili. Basi ukurasa wa mauzo uwepo kwa Kiingereza fasaha kilichosomwa na mtu anayekijua, na kurasa za wanachama ziwe kwa Kiswahili. Kuchanganya lugha mbili katika aya moja huwachanganya msomaji na mtambo pia.

Wapo wanaoshauri neno "kahawa" lirudiwe mara hamsini katika ukurasa, au yaandikwe maneno kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili mtambo uyasome na binadamu asiyaone. Hila hizo ni za zamani, na Google huzihesabu kuwa udanganyifu. Vile vile kuna orodha ya siri ya maneno ambayo mafundi walizoea kuificha ndani ya ukurasa. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba orodha hiyo haiitumii katika kupanga majibu. Asiwepo mtu wa kulipwa fedha za wakulima kwa kazi hiyo.

3. PICHA, SIMU NA WADHAMINI

Desturi ya kupiga picha ubao wa matangazo na kuiweka kwenye tovuti haitoshi. Mtambo husoma maandishi yaliyochapwa kwa uhakika zaidi kuliko maandishi yaliyo ndani ya picha. Bei zichapwe upya katika ukurasa, na kila picha iwekewe maelezo mafupi ya maneno. Pia ikumbukwe kwamba tangazo lililotumwa katika kundi la WhatsApp huwafikia waliomo kundini tu. Google haiwezi kulisoma.

Pili, simu. Google ilianza mwaka 2016 kujaribu kuzipima tovuti kwa sura zinayoonekana katika simu, na mwaka 2023 ilitangaza kwamba imekamilisha mageuzi hayo. Tovuti inayopendeza katika kompyuta ya ofisini huku katika simu maandishi yake hayasomeki, ina kasoro. Meneja aifungue kwa simu ya kawaida, akiwa kijijini, kwa bando la kawaida. Picha nzito zipunguzwe ukubwa, maana msomaji anayengoja mno hufunga na kwenda kwa mwingine.

Tatu, viungo. Tovuti moja inapomwelekeza msomaji kwenye tovuti nyingine, ni mfano wa mtu kumdhamini mwenzake. Page na Brin walijenga mtambo wao juu ya wazo hilo: ukurasa unaodhaminiwa na kurasa zenye heshima hupata heshima. Chama kiombe kuorodheshwa katika tovuti ya Chama Kikuu, ya halmashauri ya wilaya, na ya wanunuzi waliokwisha kununua kahawa yake. Udhamini wa namna hii ni wa haki kwa sababu uhusiano upo kweli.

Udhamini wa kununuliwa ni jambo jingine. Mwaka 2006 Google iliiondoa katika orodha yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari BMW, kwa kuwa ilikuwa na kurasa za kuuhadaa mtambo. Ilirudishwa baada ya kurekebishwa. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo vilikuwa vimepandwa ili kuipandisha tovuti ya maduka ya J. C. Penney ya Marekani. Google iliishusha chini sana. Kampuni hizo zilikuwa na mali na mawakili. Chama cha msingi kikianguka hivyo, nani atakiinua?

4. TAHADHARI KWA BODI

Atakuja mtu na mkoba, aahidi kwamba kwa malipo kadha wa kadha chama kitakuwa cha kwanza katika Google baada ya wiki mbili. Asiaminiwe. Google yenyewe inaonya kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza. Mwaka 2017 ilieleza kwamba kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kazi ya namna hii ifanyike na manufaa yake yaanze kuonekana. Nafasi ya matangazo ndiyo inayouzwa, nayo huwekewa alama ya tangazo. Malipo yakikoma, tangazo huondoka.

Kabla ya mkataba kutiwa sahihi, Bodi ihakikishe mambo haya:

(a) Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama, si kwa jina la fundi wala la katibu. Anayeshika jina ndiye anayeshika tovuti.

(b) Maneno ya siri yakabidhiwe kwa maandishi na kutunzwa katika sefu pamoja na hati nyingine za chama. Fundi akiondoka, yabadilishwe.

(c) Ada ya kila mwaka ya jina na ya kuhifadhi tovuti iingizwe katika makisio yanayopitishwa na mkutano mkuu. Jina lisipolipiwa hupotea, na mtu mwingine anaweza kulichukua pamoja na sifa zote zilizokwisha kupatikana.

(d) Jina kamili la chama, namba ya usajili, wilaya na simu ya ofisi viandikwe wazi. Mnunuzi apate njia ya kumtofautisha mwenye chama na mtu anayejipachika jina la chama.

(e) Chama kijisajili katika huduma ya Google Search Console. Haina malipo, nayo huonyesha ni maneno gani watu waliandika hata wakaiona tovuti, na ni kurasa zipi zimekataliwa. Taarifa yake isomwe mbele ya Bodi kila robo mwaka, kama zinavyosomwa hesabu.

(f) Ofisi na ghala viandikishwe katika ramani ya Google, ambayo nayo haina malipo, ili dereva wa lori na mnunuzi wasipotee.

5. MWISHO WA SOMO

Ndugu Wanaushirika, jambo hili halina uganga. Mtambo wa kutafuta unahitaji kile ambacho mkaguzi huhitaji: maandishi yaliyo wazi, yaliyopangwa, ya kweli, na yanayokwenda na wakati. Bei ya msimu uliopita iliyoachwa katika ukurasa humdanganya mkulima, kama vile mizani mbovu inavyomdanganya. Chema kitajiuza, lakini sharti kwanza kiandikwe mahali kitakapoonekana, kwa lugha ya anayekitafuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Andikeni katika Google jina la zao lenu na la wilaya yenu. Nani anajitokeza? Je, amenunua zao hilo kwa nani?

2. Jina la tovuti ya chama chenu limesajiliwa kwa jina la nani, na ada yake inaisha lini?

3. Tajeni maswali matano ambayo mnunuzi angeuliza. Tovuti yenu inajibu mangapi?

4. Taarifa ya mwisho iliwekwa katika tovuti lini, na nani anawajibika kuibadilisha?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, yatazamwe tena baada ya miezi sita.