Laptopu kwa asiyeona: Chagua kwa masikio na vidole

Mwalimu mmoja, jirani yetu hapa Majengo mjini Meru, aliishiwa na nuru ya macho kwa sababu ya glakoma, ule ugonjwa ambao aghalabu presha ndani ya jicho huua neva ya kuonea polepole bila maumivu. Watu wakamshauri aombe kustaafu mapema. Yeye akataka laptopu. Akaandamana na mpwa wake hadi dukani, na muuzaji akaanza kuisifu mali yake: "Mwalimu, kioo cha hii ni safi sana, hata sinema utafurahia." Akalipa. Wiki mbili baadaye mashine ilikuwa kabatini, na barua ya kustaafu iko mezani ikingoja sahihi.

Kosa halikuwa lake peke yake. Alinunuliwa laptopu na macho ya watu wengine.

Je, asiyeona hutumiaje kompyuta? Hutumia programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini, naye huiamrisha kwa vitufe bila kugusa kipanya. JAWS ni ya zamani na ina nguvu, lakini leseni yake ya kudumu yaweza kupita bei ya laptopu ya mitumba. NVDA haina malipo. Ilianzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, akasaidiwa na mwenzake Jamie Teh, wote wawili wakiwa hawaoni. Sauti inayokuja nayo husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya roboti. Aidha, kila laptopu ya Windows 10 au 11 ina kisomaji chake kiitwacho Narrator: bonyeza Control, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja, itaanza kusema.

Kwa hiyo, msomaji, usiende dukani mikono mitupu. Mwambie kijana wa nyumbani akuwekee NVDA kwenye flashi, kwani huweza kufanya kazi kutoka humo bila kusakinishwa. Beba na hedifoni za waya. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la pili.

Anza na kibodi, maana ndiyo utakayoishi nayo. Tafuta kwa kidole vinundu vidogo juu ya F na J. Visiposikika vizuri, mikono itapotea kila mara. Vitufe vya juu, F1 hadi F12, viwe vimetengwa kwa mapengo ya vinne vinne. Home, End na vitufe vya kupandisha na kushusha ukurasa viwe peke yake, si vya kubonyezwa pamoja na kingine, kwa kuwa msomaji wa sauti huvitumia kutwa. Kama Insert haipo, usihofu: NVDA hukubali Caps Lock ishike nafasi yake. Lakini jihadhari na mashine ambazo kitufe cha kuzima kimebanwa kando ya Delete. Kidole kikiteleza, kazi imekatika.

Kisha sikiliza. Laptopu nyingine hulaza sauti ili kuokoa betri, na inapoamka humeza silabi za kwanza. Ukasikia "fute" palipoandikwa "usifute", hasara ni yako. Acha mashine kimya nusu dakika, halafu bonyeza kitufe kimoja usikie kama neno linatoka zima. Hedifoni zisizo na waya huongeza ucheleweshaji. Ndiyo maana tundu la hedifoni ni muhimu.

Kasi nayo si anasa. Anayeona huona kile kiduara kinachozunguka akajua asubiri. Asiyeona husikia kimya tu, asijue kama mashine inafikiri au imekufa. RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ndiyo chini kabisa ninayoweza kumshauri mtu. Pesa za kugharimia hayo zitoke kwenye kioo: picha maridadi na skrini ya kugusa hazikuhusu. Isipokuwa wewe mwenye uoni hafifu. Wewe tafuta kioo kipana kisichomeremeta.

Wanaonunua mitumba ya Ulaya waulize umri wa prosesa. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa laptopu za Intel, Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine ya kizazi cha sita ni rahisi, lakini kinga yake imekwisha. Kwa mashine mpya, uliza kama iko katika kile kiitwacho S. Hali hiyo huzuia NVDA kusakinishwa hadi iondolewe, na kuiondoa ni bure.

Jambo la afya lisisahauliwe. Sikio sasa limekuwa jicho. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Anayefanya kazi na hedifoni kutwa hufika huko upesi, basi punguza sauti na upumzike. Na mwenye glakoma au kisukari asiache dawa wala kliniki ya macho kwa kuwa amepata mashine. Nuru iliyobaki, hata ikiwa kidogo, hulindwa.

Kuhusu gharama, Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hatua ya kwanza ni kupimwa na daktari. Mafunzo kwa watu wazima hutolewa katika Taasisi ya Ufundi ya Wasioona, Machakos.

Mwalimu wetu aliuza ile ya kwanza kwa hasara. Safari ya pili alikwenda na flashi mfukoni, akajaribu nne akazikataa, mpwa wake akiona haya. Ya tano kioo chake kina mkwaruzo mrefu katikati, ndipo akapunguziwa bei. Barua ya kustaafu bado haijatiwa sahihi.