Kumsikiliza Mpigaji Asiyetajwa: Somo la Usikivu kwa Kutumia Santuri za Kilwa Jazz

1. Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyepata kupiga santuri ya zamani mbele ya darasa anajua jibu atakalopewa akiuliza, "Nani anapiga hapa?" Wanafunzi watataja jina la bendi, au jina la mwimbaji, na hapo maarifa yao yatakoma. Ukiwauliza ni nani aliyeshika gitaa la rizimu, ni nani aliyepiga besi, ni nani aliyekuwa akitikisa manyanga tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, hupati jibu. Si kosa lao. Aghalabu hata karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri haisemi.

Azma ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu wa shule ya sekondari, hasa anayefundisha Kilwa, Lindi na pwani ya kusini kwa jumla, namna ya kuifanya kasoro hiyo iwe somo. Somo lenyewe lina sehemu mbili: usikivu darasani na uchunguzi mitaani. Limejaribiwa na mwandishi kwa miaka kadhaa, nalo limepata kufaulu na limepata kuharibika. Yote mawili yataelezwa.

2. Neno "jazz" katika bendi zetu

Yafaa mwalimu aanze kwa kuondoa utata wa jina. Bendi nyingi za Tanganyika zilijiita "jazz", lakini hazikupiga jazz ya Wamarekani. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye ala za kisasa. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Kilwa Jazz Band iliundwa mwaka 1958 chini ya Ahmed Kipande. Western Jazz Band ilifuata mwaka 1959. Na NUTA Jazz Band, iliyomilikiwa na chama cha wafanyakazi, ilianza mwaka 1964. Muziki wao ulichota katika visima vingi: katika Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na kuenea pwani yote ikiwa na pande zake za Marini na Arinoti, katika santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa kwa ajili ya soko la Afrika mwaka 1933, na katika rumba ya Kongo.

Majina ya bendi hizo yana fundisho la historia. Kilwa Jazz haikuwa na makao Kilwa bali Dar es Salaam. Jina lilieleza walikotoka vijana walioianzisha, kama vile jina la Western lilivyowaeleza watu wa magharibi ya nchi. Kwa kijana aliyehama pwani ya kusini kwenda kutafuta kazi mjini, bendi ilikuwa mahali pa kukutana na wenzake wa kwao. Kwa hiyo mtoto wa Kivinje au Masoko anapoisikiliza Kilwa Jazz, anasikiliza sauti ya watu wa kwao walipokuwa ugenini.

3. Tatizo la kumbukumbu

Katika miaka ya 1960 nyimbo za bendi zetu zilihifadhiwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni santuri ndogo, ambazo kila upande ulichukua dakika tatu hivi. Ya pili ni kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali iliyopewa jina hilo mwaka 1965 na kubaki redio pekee ya Tanzania Bara hadi mapema miaka ya 1990. Kwa njia zote mbili, lililoandikwa aghalabu ni jina la bendi, jina la wimbo, na pengine jina la mtunzi.

Kumbukumbu za watu nazo zina ngazi zake. Mwimbaji hukumbukwa kwanza. Baada yake hukumbukwa mpigaji wa solo: wapenzi wa Western Jazz hawajamsahau Rashidi Hanzuruni, na wa Dar es Salaam Jazz hawajamsahau Michael Enoch, aliyejiunga nao mwaka 1960 na baadaye kuwa nguzo ya Mlimani Park. Mkoa wa Lindi nao unamkumbuka Kassim Mapili, mzaliwa wa upande wa Nachingwea aliyepata sifa na Polisi Jazz na kufariki mwaka 2016. Chini ya ngazi hizo mbili giza huanza. Mpigaji wa rizimu, wa besi na wa tumba ndio waliofanya watu wacheze, lakini ndio waliosahauliwa upesi zaidi. Katika miaka ya 1990 baadhi ya nyimbo za Kilwa Jazz zilitolewa upya ng'ambo katika mkusanyo uitwao Dada Kidawa. Muziki ukafika mbali kuliko majina ya walioupiga.

4. Mfano wa kutoka ng'ambo

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Katika Marekani palikuwa na mpigapiano kipofu, Lennie Tristano, aliyezaliwa Chicago mwaka 1919 na kufariki mwaka 1978. Huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa jazz ya utulivu, isiyopenda makelele. Mwaka 1949 yeye na wenzake walirekodi vipande viwili bila kupatana kabla kuhusu melodia wala mpangilio. Kampuni ya santuri ilisita kuvitoa. Katika kundi hilo wengi humkumbuka Lee Konitz, mpiga saksofoni. Wachache humkumbuka Billy Bauer wa gitaa au Arnold Fishkin wa besi.

Lakini Tristano anatufaa zaidi kwa sababu alikuwa mwalimu. Mwanafunzi wake hakuruhusiwa kukimbilia ala. Alipewa santuri, tuseme ya Lester Young, akatakiwa kuimba kwa mdomo kila noti ya kipande kilichopigwa na saksofoni, pamoja na pumzi zake na mikato yake, hadi aweze kukiimba chote sambamba na santuri. Hapo ndipo ala ilipofuata. Msingi wa njia hiyo ni rahisi: usichoweza kukiimba hujakisikia bado. Njia hii haihitaji piano wala gitaa, na kwa hiyo inaifaa shule isiyo na ala hata moja.

Hata hivyo tusiichukue yote. Tristano aliwataka wapigaji wake wa mdundo washike mwendo bila madoido, ili mpigaji wa melodia awe huru. Katika dansi letu mambo ni kinyume. Gitaa la rizimu halimtumikii solo tu. Linajibizana nalo, likijaza nafasi ambazo solo limeziacha. Besi hunyamaza mahali maalumu, na kule kunyamaza ni sehemu ya mdundo. Kwa sababu hiyo sisi tutaigeuza njia ya Tristano: badala ya kuimba solo, wanafunzi wataimba sehemu ya mpigaji asiyetajwa.

5. Hatua za somo

Somo huchukua vipindi viwili vya dakika 40. Vifaa ni wimbo mmoja wa Kilwa Jazz, simu au kinasa sauti, spika, ubao na chaki. Mwalimu azingatie kwamba spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito. Anayetumia simu pekee atawafanya wanafunzi waamini kuwa bendi haikuwa na besi.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Piga wimbo mara mbili. Mara ya kwanza wanafunzi wasikilize bila kuandika. Mara ya pili waandike kila ala waliyoisikia. Usisahihishe bado.

Hatua ya pili (dakika 15). Ligawe darasa katika makundi matano: sauti za waimbaji, gitaa la solo, gitaa la rizimu, besi, na ngoma pamoja na manyanga. Kama wimbo una saksofoni, ongeza kundi la sita. Kila kundi lifuate ala yake peke yake, na kuinua mikono ala hiyo inaponyamaza au inapobadili mwendo. Ni hapa ambapo kundi la rizimu hulalamika kwamba halisikii kitu. Usiwahurumie upesi. Rudia sekunde 20 za mwanzo hata mara saba.

Hatua ya tatu (dakika 15). Kila kundi liimbe sehemu yake kwa silabi zozote zinazofaa, kwanza pamoja na wimbo, kisha bila wimbo. Atakayepotea asikilize tena.

Hatua ya nne (dakika 20). Makundi yote yaimbe pamoja. Kisha mwalimu alinyamazishe kundi la rizimu kwa ishara ya mkono. Darasa zima litahisi kitu kimeanguka. Liulize: "Kimeondoka nini?" Jibu la swali hilo ndilo kiini cha somo, nalo halina budi litoke vinywani mwa wanafunzi.

Hatua ya tano (dakika 20). Chora ubaoni jedwali la safu tatu: "Tunachokisoma", "Tunachokisikia", na "Tunachopaswa kukiuliza". Safu ya kwanza itakuwa fupi, ya pili ndefu, na ya tatu ndiyo itakayowapeleka wanafunzi mitaani.

6. Uchunguzi mitaani, na kosa la mwandishi

Wazee waliopiga au waliocheza dansi katika miaka ya 1960 wamebaki wachache, nao wanazidi kupungua. Hapana budi wanafunzi wawaendee kwa adabu, wawaamkie, waeleze walikotoka, na waombe ruhusa kabla ya kunasa sauti. Wawapigie wimbo kwanza na kuuliza baadaye, kwani sikio hukumbuka kabla ya ulimi.

Hapa naona wajibu wa kueleza kosa langu. Mwaka mmoja wanafunzi wangu walichunguza bendi moja ndogo ya mji tuliokuwamo, iliyokwisha kuvunjika zamani. Mwanafunzi mmoja alileta jina la mpigaji wa rizimu alilopewa na jirani yake. Jina lilikuwa la mtu mashuhuri, aliyekwisha kufariki, na jirani alilitaja bila kusita. Nikaliandika katika chati kubwa tuliyoibandika ukutani siku ya wazazi.

Siku hiyo mzee mmoja alisimama mbele ya chati kwa muda mrefu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, gitaa hilo nililipiga mimi. Yule bwana alikuwa akiimba. Sasa umenifuta, na mjukuu wangu yumo katika darasa lako."

Mjukuu alikuwamo kweli. Alijua kwamba babu yake alikuwa mpigaji, lakini alinyamaza, kwa kuwa mwalimu alikwisha kuandika. Nililia kwa wanafunzi wasisahau wapigaji wasiotajwa, nami mwenyewe nikamsahaulisha mmoja akiwa hai. Tuliibandua chati. Juma lililofuata mzee alikuja darasani, akaazimwa gitaa, akapiga sehemu yake peke yake, bila solo wala sauti. Wanafunzi, waliokuwa wamekwisha kuiimba, waliitambua katika mpigo wa kwanza.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni nne, nazo nazipendekeza kwa mwalimu mwenzangu:

(a) Jina lolote lithibitishwe na watu wawili wasiotoka nyumba moja.

(b) Wazee wakitofautiana, yaandikwe majina yote pamoja na kauli ya kila mmoja. Mwalimu si hakimu.

(c) Mwanafunzi asimpe mzee jina la kukubali au kukataa. Aulize, "Nani alipiga?" wala asiulize, "Je, ni fulani aliyepiga?"

(d) Kabla ya kuandika chochote ukutani, darasa liulizwe: "Nani ana ndugu aliyekuwamo?" Kisha mwalimu angoje jibu.

7. Tathmini

Mtihani wa maandishi peke yake hautoshi. Mwalimu apime mambo matatu. Kwanza, je, mwanafunzi anaweza kuimba sehemu ya rizimu au besi kwa nusu dakika bila kupotea? Pili, akipigiwa wimbo asioujua wa bendi nyingine, tuseme Western Jazz na mtindo wake wa Saboso, je, anaweza kueleza tofauti ya kazi ya magitaa bila kutegemea maneno ya wimbo? Tatu, katika ripoti yake, je, ametenganisha alichokisoma, alichokisikia na alichoambiwa? Swali hili la tatu lipewe alama nyingi zaidi, kwa kuwa linamfaa mwanafunzi hata katika masomo ya historia, uraia na sayansi.

8. Hitimisho

Yawezekana mwalimu akauliza: kuna faida gani kujua jina la mpigaji wa manyanga wa zaidi ya nusu karne iliyopita? Mwandishi angejibu kwamba wanafunzi wetu walio wengi hawatakuwa waimbaji wa mbele. Watakuwa wavuvi, wauguzi, mafundi, walimu, wakulima wa ufuta na wa korosho. Watu ambao kazi yao ikifanywa vyema haionekani, na ikiachwa kila kitu huanguka. Somo linalowafunza kuisikia kazi ya namna hiyo ndani ya wimbo wa dakika tatu linawafunza pia kuiheshimu nje ya wimbo.

Basi mwalimu asingoje ala wala fedha. Achague wimbo mmoja, aligawe darasa, awaimbishe. Na baada ya kipindi awatume kwa wazee juma hilo hilo, kwa kuwa santuri yaweza kungoja katika sanduku, lakini mpigaji hangoji.