Pima Beringi Kabla ya Kukaza Injini ya Kisima



Injini ya kisima ikianza kugonga mwezi wa Februari, mifugo haingoji. Ng'ombe wako kwenye birika, ngamia wako njiani, na fundi anasema beringi za konrodi zimekwisha. Kamati inachanga pesa, mtu anatumwa Isiolo, anarudi na boksi jipya. Injini inafungwa siku hiyo hiyo. Baada ya wiki chache, kugonga tena! Tunasema spea ilikuwa feki. Feki ziko, ni kweli, lakini je, kuna mtu aliyepima?

Beringi haitakiwi kubana krenki. Kati yake lazima pabaki nafasi ya oili. Kipimo cha kukisia ni sehemu moja kwa elfu ya unene wa shingo ya krenki: shingo ya milimita 50, nafasi kama 0.05, karibu na unene wa unywele mmoja. Kipimo halisi kiko katika kitabu cha injini yenyewe, na hicho ndicho cha kufuata. Nafasi ikiwa ndogo mno, oili haipiti, beringi inaungua na kushika. Ikiwa kubwa, oili inamwagika pembeni, presha inashuka, na mgongo unaanza.

Macho hayaoni kitu kidogo hivyo. Kutikisa konrodi kwa mkono pia si kupima.

Njia rahisi ni uzi laini wa plastiki uitwao Plastigage. Pangusa shingo na beringi mpaka pakauke, pasibaki oili. Kata kipande cha uzi, ukilaze juu ya shingo kufuata urefu wa krenki, mbali na tundu la oili. Rudisha kifuniko upande wake ule ule, kaza bolti kwa kipimo cha kitabu, halafu usizungushe krenki hata kidogo. Fungua. Uzi umelala bapa. Linganisha upana wake na mistari ya karatasi yake. Ukiwa mpana, nafasi ni ndogo. Ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa. Ukiwa mpana upande mmoja tu, shingo imelika vibaya. Uondoe kwa kitambaa chenye oili, usikwangue kwa kisu.

Uzi una upungufu wake: unapima mahali ulipolazwa tu. Shingo iliyotumika sana huwa si duara tena, kwa hiyo tunapenda fundi awe na maikromita. Tuseme beringi mpya, ikiwa imekazwa, ina 50.06 ndani. Shingo ni 49.99 upande mmoja: nafasi 0.07. Ukigeuza kipimo robo duara unapata 49.94: nafasi 0.12. Hapo beringi mpya ni pesa ya kutupa. Krenki iende mjini ikasagwe, na inunuliwe beringi ya saizi ya kusagwa, kwa mfano 0.25. Namba hiyo hugongwa mgongoni mwa beringi; isomeni kabla ya kulipa.

Wako mafundi wanaoweka karatasi ya sigara nyuma ya beringi, au kupiga tupa kifuniko ili kibane. Kugonga kunanyamaza kwa muda. Lakini tundu la kifuniko limeharibika duara lake, na beringi yoyote itakayofuata haitakaa sawa. Kamati ikatae, hata kama fundi ni shemeji.

Wazee wetu wanajua kazi ya aba herega kisimani: kila kundi na zamu yake, hakuna kuruka. Injini nayo ipewe mtu mmoja wa kusimama karibu fundi anapopima, na kuandika namba katika daftari la kamati, pamoja na tarehe na saizi ya beringi iliyofungwa.

Ya kujadili kikundini: Kitabu cha injini yetu kiko kwa nani? Krenki imeshasagwa mara ngapi? Nani ataandika?