Mzee wa Shamba na Yule Anayemtunza



Mwezi huu somo letu si la mbegu wala la mbolea. Ni somo la watu wa nyumbani. Lakini ukilisoma mpaka mwisho utaona kwamba lahusu pia viazi, maziwa na mipaka ya ploti yako. Yafaa lisomwe kwa sauti jioni, watu wote wa nyumba wakiwapo, wazee kwa vijana.

Tuanze na hesabu ndogo. Mpango mkubwa wa kugawa mashamba ya walowezi ulianza mwaka 1962. Katika miaka michache familia kama 35,000 zilipata ploti katika ardhi ya karibu ekari milioni moja, na ndiyo sababu mpango huo uliitwa Skimu ya Ekari Milioni. Mtu aliyepokea ploti yake mwaka 1964 akiwa na miaka 25, alizaliwa mwaka 1939. Basi leo amepita miaka 80. Hao ndio waliolala katika vibanda vya nyasi huku mvua ikinyesha, wakalima pareto, wakakamua ng'ombe, na kulipa mkopo wa ardhi kidogo kidogo. Shamba unalolima leo ni jasho lao.

Kila mtu husema, "Wazee waheshimiwe." Maneno hayo ni mema, lakini maneno hayamgeuzi mgonjwa kitandani. Katika somo hili tutaona kwamba heshima ni kazi. Mzee mwenye nguvu apewe kazi yake. Mzee asiye na nguvu atunzwe, na kazi ya kumtunza igawanywe kwa watu wote wa nyumba, isiachiwe mtu mmoja.

1. MZEE ALIYE NA NGUVU

Vijana wengine hufikiri kwamba kumheshimu mzee ni kumweka juani na blanketi na kumwambia, "Baba, wewe pumzika tu." Wanasema hivyo kwa upendo, lakini wanakosea. Mtu asiyetembea miguu yake hudhoofika, na mwenye miguu dhaifu huanguka upesi. Tena mtu asiyeulizwa neno lolote huona kwamba amekwisha kusahauliwa, naye bado yu hai.

Hapa ofisini watu huja mara kwa mara kwa sababu ya ugomvi wa mipaka. Wakati mmoja walikuja majirani wawili ambao walikuwa wameacha kusalimiana. Kila mmoja alisema mwenzake amesogeza ua. Walikuwa tayari kutumia pesa nyingi katika kesi. Ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba nyanya yake alikuwako siku ile wapimaji walipokuja. Bibi yule akaja na fimbo yake, akatembea polepole kando ya ua wa kayaba, akasimama, akasema, "Chimbeni hapa." Wakachimba kiasi cha futi moja, wakalikuta jiwe la mpaka. Alipoulizwa kwa nini hakusema mapema, alijibu, "Hakuna aliyeniuliza."

Mzee wako ajua mengi ya namna hiyo. Ajua chemchemi ipi haikukauka mwaka wa njaa. Ajua pembe ipi ya shamba hupigwa na baridi kali ya usiku, maana hewa ya baridi huteremka na kukaa bondeni, na viazi vilivyopandwa huko huungua majani. Mwulize kabla ya kupanda, si baada ya hasara. Wahenga walisema, penye wazee hapaharibiki neno.

Tena mpe kazi iliyo kiasi cha nguvu zake. Hizi ni baadhi ya kazi zifaazo:

(a) Kuchagua mbegu za viazi. Viazi vinapotoa maua, mzee apite mstari kwa mstari na kuchomeka kijiti penye kila shina lenye afya, lisilo na majani yaliyokunjamana wala kunyauka. Wakati wa kuvuna, mashina hayo yachimbwe peke yake. Katika hayo zichaguliwe mbegu zenye ukubwa wa yai la kuku. Kazi hii yataka jicho la subira, na subira wazee wanayo.

(b) Kuandika daftari la maziwa. Kama hajui kuandika, ahesabu yeye na mtoto wa shule aandike. Hivyo wote wawili hujifunza.

(c) Kutunza kitalu cha miche ya miti.

(d) Kufuga kuku.

Kazi zisizofaa ni kunyunyiza dawa za wadudu, kubeba magunia, na kushika fahali. Na jambo moja lisisahauliwe: mzee akiuza mayai yake, pesa hizo ni zake. Usimwambie akupe hesabu kama mtoto aliyetumwa dukani.

2. MZEE ALIYEPUNGUKIWA NA NGUVU

Itakuja siku ambapo mzee hawezi tena kwenda kitaluni. Hapo yafaa watu wa nyumba wajue mambo machache ya utunzaji.

Asianguke. Ondoa kuni, ndoo na mawe katika njia ya chooni. Funga ufito imara kando ya njia ili apate kushika. Usiku pawe na taa karibu naye.

Asipate vidonda vya kulala. Mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Shuka lake liwe kavu na bila mikunjo. Tazama visigino, nyonga na mgongo kila siku. Ukiona pamebadilika rangi na hapabadiliki tena baada ya kumgeuza, usipasugue. Mweke ili asipalalie, na mpeleke habari mhudumu wa afya.

Usimvute kwa mikono. Kumsogeza kitandani kwahitaji watu wawili wakishika shuka lililo chini yake, mmoja huku na mmoja kule. Piga magoti yako kidogo, usiinamishe mgongo, la sivyo nyumba itakuwa na wagonjwa wawili.

Ale na anywe. Wazee wengi hawasikii kiu sana. Mpe maji, chai au uji kidogo kidogo mchana kutwa, naye akiwa ameketi wima. Kama hana meno, ponda maharagwe na viazi, na ongeza yai au maziwa.

Akianza kusahau sana, kuuliza jambo lile lile mara kumi, au kupotea njia ya nyumbani, usiseme kwamba amerogwa au kwamba ni mchawi. Ni ugonjwa wa ubongo, na daktari aujua. Katika sehemu za nchi yetu, kama Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa sababu ya maneno kama hayo. Maneno hayo yasianzie nyumbani kwako.

3. YULE ANAYEMTUNZA

Sasa tufike penye kiini cha somo. Je, kazi hizo zote hufanywa na nani? Mara nyingi ni mwanamke mmoja, binti au mke wa mwana, na hakuna aliyempangia. Alikuwa karibu tu.

Katika skimu moja ya maziwa palikuwa na mama mmoja aliyemtunza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja. Mume wake alifanya kazi mjini, akirudi mwisho wa mwezi. Mama huyu aliamka mara nne kila usiku kumgeuza mgonjwa. Saa kumi na moja alfajiri alikamua ng'ombe watatu, akakimbiza maziwa barabarani kabla gari halijapita. Kisha watoto wa shule, kisha kufua, kisha shamba. Shemeji zake wawili walileta sukari na majani ya chai wakati wa Krismasi. Wifi yake alikaa mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo, akaja Jumapili moja moja, akaona kidonda mgongoni mwa mgonjwa, akasema, "Mama yetu hatunzwi vizuri."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi siku moja maziwa yake yakakataliwa. Bwana Shamba alipokuja, alikuta ng'ombe bora kuliko wote ana ugonjwa wa kiwele, na chuchu moja imekuwa ngumu kama jiwe. Akauliza, "Mama, unamsafisha kiwele na kumkamua mpaka maziwa yaishe?" Mama yule akalia. Akasema, "Bwana, nikiketi pale kwa ng'ombe ndipo ninaposinzia."

Tazama jambo hilo vizuri. Ng'ombe aliugua kwa sababu mtu hakulala. Kidonda cha mgonjwa kilikuwa na sababu iyo hiyo. Haukuwa uvivu, wala hakukosa upendo. Mtu mmoja alifanya kazi ya watu wanne.

Dalili za mtunzaji aliyechoka ni hizi: hasira kwa mambo madogo, usingizi wa mang'amung'amu, maumivu ya mgongo, kuacha kwenda kanisani, msikitini au kwenye kikundi, na kusema, "Mimi sijambo," kila akiulizwa. Ukiziona, usingoje ng'ombe augue.

4. MKUTANO WA NYUMBANI NA DAFTARI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba ile iliitwa mkutano, na mzee wa kanisa akakaa nao ili kusiwe na ugomvi. Shemeji mmoja akasema, "Shemeji, mbona hukutuambia?" Akamjibu, "Mlikuwa mkiuliza habari za Mama. Hakuna aliyeuliza habari zangu."

Wakachukua daftari la shule la kurasa 48. Wakaandika kazi zote za utunzaji, moja moja, tangu alfajiri mpaka alfajiri. Watu wengi walishangaa, maana ukurasa wa kwanza haukutosha. Kisha wakagawana. Wifi alichukua usiku wa Jumatano na wa Jumamosi, ili mke wa ndugu yake alale. Kijana wa miaka 16 alichukua ukamuaji wa asubuhi siku hizo mbili. Ndugu aliye mbali, ambaye hawezi kuja, aliandikiwa pesa za sabuni, shuka na nauli ya hospitali, kila tarehe 5 ya mwezi. Na alasiri moja kila juma mama yule alikuwa huru kabisa, aende kwa kikundi chake au alale, bila kuulizwa.

Mgonjwa mwenyewe aliulizwa pia. Akasema polepole kwamba mkono wake mmoja ni mzima, wamketishe mlangoni mwa jiko, aweze kubambua maharagwe na kumwangalia mtoto mdogo. Basi hata yeye akapata mstari wake katika daftari.

Hatusemi kwamba mambo yote yalinyooka. Shemeji mmoja alikosa kutuma pesa miezi miwili, na daftari likamwonyesha mbele ya ndugu zake. Chuchu ile ya ng'ombe haikurudi tena. Lakini kidonda cha mgonjwa kilipona, na mama yule akapata kulala.

Fanyeni vivyo hivyo. Msingoje ugonjwa. Mkutano huo ufanywe mzee angali na nguvu, naye awe mwenyekiti.

5. MSAADA ULIOKO

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, kushiriki katika mambo ya jamii, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na kutoka kwa Serikali. Katika Katiba hiyo mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi.

Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa ili wazee wa miaka 70 na zaidi wapate shilingi 2,000 kwa mwezi. Nenda kwa chifu na kitambulisho cha mzee, uulize habari za kuandikishwa. Pesa hizo ni za mzee, si za mwana anayemsindikiza kuzichukua.

Tena, mwaka 2023 Serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 nchini kote, wapite nyumba kwa nyumba. Mjue yule wa kijiji chako, umwonyeshe mgonjwa, na umwombe akufundishe kumgeuza.

Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya wazee duniani. Vikundi vyetu na viitumie siku hiyo kwa kazi kuliko hotuba. Asubuhi, wazee wenye nguvu wawaonyeshe vijana mawe ya mipaka na chemchemi. Alasiri, wanachama wawili wawili waende kukaa na wagonjwa, ili watunzaji wapate kupumzika. Gharama yake ni muda tu.

Ndugu mkulima, wewe nawe unazeeka. Watoto wako wanatazama jinsi unavyofanya sasa, na wanajifunza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yako ni nani ajuaye mahali pa mawe ya mipaka? Je, amekwisha kuwaonyesha vijana?
2. Taja kazi mbili ambazo mzee wako angeweza kufanya, lakini mmemnyang'anya.
3. Nani hukosa usingizi katika nyumba yako kwa sababu ya mgonjwa? Usiku upi wiki hii utamshikia zamu?
4. Kwa nini yafaa ndugu aliye mbali aandikwe katika daftari?