Kijana aliyefiwa na wazazi: Baleghe haimwondolei haja ya mlezi

NDUGU Muislamu, hebu tuchukue mfano ambao wengi wetu tumeushuhudia mitaani. Mama mjane anafariki dunia, akiwa ameacha watoto watatu. Baba yao alitangulia mbele ya haki miaka miwili kabla. Wawili ni wadogo wa shule ya msingi, na mkubwa ni mvulana wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa na wazee wa ukoo wanakaa kikao. Wa kike anachukuliwa na shangazi, na anayemfuata anachukuliwa na mama mdogo. Ikifika zamu ya yule mkubwa, mzee mmoja anasema: "Huyu ameshabaleghe, ni mwanamume sasa. Abaki hapa alinde nyumba." Kikao kinafungwa kwa dua, watu wanaondoka.

Baada ya miezi mitatu kijana huyo haendi tena shule. Mchana analala, usiku yuko kijiweni. Watu wanasema kaharibika. Hakuna aliyemuuliza kwa nini halali usiku katika nyumba ile ambayo chumba cha mama yake kimefungwa kwa kufuli.

Makala hii inamzungumzia kijana huyo, kwa sababu katika misiba yetu yeye ndiye husahaulika. Mjane ana eda yake na watu wanaijua. Mtoto mchanga hupakatwa na kila anayeingia. Kijana wa miaka 14 mpaka 18 hupewa kazi ya kupanga viti na kuteka maji.

Baleghe na rushdi

Ni kweli kuwa katika sheria yatima ni mtoto aliyefiwa na baba yake kabla ya kubaleghe, na ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud inayoeleza kuwa baada ya baleghe hakuna uyatima. Kwa hiyo mzee yule hakukosea kuijua hukumu. Amekosea kuitumia.

Tukirejea Suratun-Nisaa aya ya 6, Allah (s.w.) anawaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao rushdi, yaani busara ya kuendesha mambo yao, ndipo wawakabidhi mali zao. Hapa pana masharti mawili, na baleghe ni moja tu. Ikiwa sheria haimkabidhi kijana hata fedha alizorithi mpaka ijulikane kuwa anaweza kuzitunza, sisi tunamkabidhije msiba wa baba na mama alale nao peke yake katika nyumba tupu?

Tumtazame Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake, Bi Amina, alifariki pale Abwa yeye akiwa na miaka 6, na babu yake Abdul Muttalib akafariki alipokuwa na miaka 8. Akachukuliwa na ami yake, Abu Talib. Je, Abu Talib alimwacha alipobaleghe? Hapana. Alibaki naye katika ujana wake na akasimama upande wake hata baada ya kupewa Utume, mpaka mauti yalipomchukua Abu Talib mwenyewe, Mtume (s.a.w.) akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Huo ndio ulezi.

Kulia si upungufu wa imani

Kosa la pili ni neno "jikaze." Tunamwambia kijana asilie, eti kulia ni kumkosoa Mwenyezi Mungu. Nani katufundisha hivyo? Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi mbele ya Masahaba alipofariki mwanawe Ibrahim, na akabainisha kuwa jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Nabii Yaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'an imelieleza hilo katika Sura ya 12 aya ya 84. Naye ndiye aliyetajwa kwa subira njema.

Zaidi ya hayo, Imamu Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alilizuru kaburi la mama yake, akalia na kuwaliza waliokuwa pamoja naye. Wakati huo alikuwa mtu mzima, kiongozi wa umma, na zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu Bi Amina afariki. Kama yeye alilia baada ya miaka yote hiyo, mtoto wa kidato cha pili atakauka machozi kwa siku tatu? Lililokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kijahiliya.

Dalili za huzuni iliyofichwa

Kijana aliyezuiwa kulia hatoi huzuni yake kwa machozi, huitoa kwa njia nyingine. Huwa mkali kwa jambo dogo. Alama zake shuleni hushuka kwa kuwa akili haitulii. Huumwa kichwa au tumbo bila ugonjwa kuonekana. Wengine hunyamaza kabisa, wengine hukimbilia bangi au marafiki wabaya. Msichana huweza kuingia katika mahusiano yasiyofaa kwa kutafuta tu mtu wa kumsikiliza.

Akianza kusema anatamani kufa, akiacha kula kwa siku kadhaa, au akijidhuru, hilo si la kusubiri. Abaki na mtu muda wote na apelekwe hospitali. Kumuona daktari wa afya ya akili hakupingani na kumuombea dua. Vyote viwili ni kutafuta sababu.

Tufanye nini?

Kwanza, asikae peke yake. Ikiwezekana ndugu wasitenganishwe, na ikishindikana basi waonane kila wiki. Kijana mwenyewe aulizwe angependa kukaa na nani.

Pili, asikilizwe. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Abu Umair, mtoto aliyefiwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) akamuulizia kindege kile kwa upole. Ikiwa Mtume wa Allah alipata nafasi kwa ajili ya kindege cha mtoto, sisi tunakosaje nafasi kwa aliyepoteza wazazi? Tuwataje marehemu kwa wema mbele yake, tusifiche majina yao.

Tatu, mirathi. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo si mrithi kwa uteuzi huo. Amekabidhiwa amana. Kodi ya nyumba ya marehemu ilipie ada ya watoto wake. Anayekula mali ya yatima kwa dhulma asome Suratun-Nisaa aya ya 10 ajue anachokitia tumboni mwake.

Nne, msikiti. Imamu aliyeswalisha jeneza amtafute kijana baada ya mwezi, na tena baada ya miezi sita, wageni wakiwa wamekwisha ondoka.

Na wewe kijana

Huenda kinachokuuma zaidi ni neno ulilomjibu mama siku moja kwa hasira, na hukuwahi kumuomba radhi. Mlango haujafungwa. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na moja ni mtoto mwema anayemuombea. Kila sijda yako ina nafasi ya jina la mama yako. Lipa deni lake hata kidogo kidogo. Watembelee rafiki zake. Ibn Umar (r.a.) alikutana na bedui njiani kuelekea Makka, akampa punda aliyekuwa amempanda na kilemba chake, kwa kuwa tu baba wa bedui yule alikuwa rafiki wa baba yake. Huo ni wema kwa mzazi aliyekwisha fariki.

Nanyi wazee wa ukoo, kabla hamjafunga kikao kwa dua, ulizeni swali moja zaidi: huyu mkubwa atalala wapi usiku wa leo, na nani atakuwa karibu naye?

Wallahu a'alam.