Mfuko wa Kaunti: Unavyojazwa na Unavyotumiwa

Mama aletaye ndizi sokoni hutozwa ushuru kabla ya kuuza. Mwenye duka hulipia leseni yake kila mwaka, na mwenye nyumba mjini hulipa kodi ya kiwanja. Wote watatu huuliza swali moja: Fedha hizi huenda wapi? Swali hilo ni la haki, na kila mwananchi wa Kenya yampasa kujua jibu lake, kwa kuwa asiyejua kilichomo mfukoni hawezi kumwuliza mshika mfuko.

Mambo yalivyoanza

Jambo hili si geni. Katika mwaka wa 1924 ilitungwa sheria ya kuanzisha Mabaraza ya Wenyeji, na mwenyekiti wa kila baraza alikuwa ni Bwana D.C. Mabaraza hayo yalipewa ruhusa ya kutoza kodi ndogo juu ya ile ya serikali. Wazee wengi walitaka fedha hizo zijenge shule, na michango yao ilisaidia kuanzisha shule za serikali za Kakamega, Kagumo na Kisii katika miaka ya 1930. Mwaka wa 1950 sheria nyingine iliyageuza yawe Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na baada ya Uhuru yakafuata mabaraza ya wilaya yaliyosimamia shule za msingi, zahanati na barabara.

Lakini mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuzihamisha kazi hizo tatu ziende kwa serikali kuu, pamoja na kodi kubwa iliyozigharimia. Tangu mwaka wa 1970 mengi ya mabaraza hayo yalibaki na jina na ofisi, bali mikono yao ilikuwa mitupu. Hapo pana fundisho: baraza lisilo na fedha haliwezi kutenda kazi, hata likiwa na madiwani hodari.

Mito mitatu ya fedha

Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta utaratibu mpya, na kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi mwaka wa 2013. Mfuko wa kaunti hujazwa na mito mitatu.

Mto wa kwanza, ulio mkubwa kupita yote, ni mgawo kutoka serikali kuu. Katiba yasema kwamba mgawo wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti ziligawiwa shilingi bilioni 190. Katika mwaka wa 2025/26 zilitengewa bilioni 415.

Mto wa pili ni mapato ya kaunti yenyewe: kodi ya ardhi na majengo, kodi ya michezo na burudani, leseni, ushuru wa masoko, na malipo ya huduma kama vile kuegesha magari. Mto wa tatu ni misaada, ambayo mara nyingi huja na masharti ya kazi maalum. Kaunti ikitaka kukopa, hapana budi serikali kuu iwe mdhamini, na Bunge la kaunti likubali.

Kazi za kaunti

Fedha hizo hutumika kwa hospitali za kaunti na zahanati, barabara za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, kilimo na mifugo, maji safi, uzoaji wa taka na kuzima moto. Tena kaunti ina wajibu wa kutekeleza siasa ya serikali kuu juu ya hifadhi ya udongo, maji na misitu. Wako wanaodhani ya kuwa kazi hii ya mwisho ni pambo tu, na kwamba yaweza kungoja mpaka barabara zimalizike. Mfano wa Narok waonyesha kwamba sivyo.

Mfano wa Narok

Hifadhi ya Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, na malipo ya wageni langoni ni sehemu kubwa ya mapato yake yenyewe. Wageni huja kuwaona wanyama. Wanyama hufuata majani na maji. Maji ni ya mto Mara, na mto huo hutoka katika msitu wa Mau. Basi, mti ukatwao ovyo huko juu hupunguza maji huku chini, na maji yakipungua, wanyama na wageni hupungua pia. Mwisho wake ni dawa kukosekana katika zahanati iliyo mbali kabisa na msitu. Kutunza mazingira, kwa hiyo, ni kutunza hazina.

Mfano huo una mafunzo mengine mawili. Kwanza, msitu wa Mau umeenea katika kaunti kadhaa, na mto Mara huingia Tanzania kabla ya kufika ziwa la Victoria. Hakuna kaunti iwezayo kuutunza mto huo peke yake. Lazima majirani washirikiane, na Katiba huziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Pili, mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia safari, malango yalikosa wageni na mapato yalianguka. Kaunti itegemeayo chemchemi moja hupata kiu siku ikaukapo.

Kaunti nyingine zimetenga fedha kwa sheria ili kukabili ukame na mafuriko. Makueni ilianza mwaka wa 2015, na Wajir ikafuata mwaka wa 2016. Katika mpango huo kamati za wananchi mashinani huchagua kazi zifaazo, kama mabwawa ya maji, kwa sababu wao ndio wajuao kisima kipi hukauka kwanza.

Ulinzi wa mfuko

Mapato ya kaunti hutakiwa kuingia katika mfuko mmoja, na fedha hazitolewi humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Makisio ya mwaka hupelekwa kwa Bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, maana mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwe ya maendeleo, wala si mishahara na safari tupu. Baadaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua matumizi na kutangaza aliyoyaona.

Hata hivyo walinzi hao hawatoshi wananchi wakilala. Katiba imewapa haki ya kusikilizwa kabla makisio hayajapitishwa. Anayetaka daraja na aende mkutanoni wakati makisio yanapotengenezwa, si baada ya mvua kumchukua ng'ombe wake. Na kila alipaye ushuru adai stakabadhi, iwe ya karatasi au ya simu. Shilingi isiyo na stakabadhi ni rahisi kupotea njiani, na mgonjwa ndiye atakayeikosa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai kamwe.